Kona ya Propu: Mwenye saki mbili katemwa, asiye na hata moja kabaki

Barua za mwezi huu zimenikuta mkono wa kushoto ukiwa na bendeji. Si raga, ni kisu. Kwa wanaofungua ukurasa huu mara ya kwanza: nilicheza propu, mtu wa safu ya mbele ya skramu kwenye raga, hapa Nakuru miaka ya 1990, sasa nina bucha Section 58, na kila Jumapili usiku hutazama futiboli ya Marekani kwa sababu mpwa wangu aliyehamia Minnesota aliniambukiza ugonjwa huo kisha akakosa dawa. Septemba na Oktoba mechi za kwanza huanza saa mbili usiku kwa saa zetu. Ya mwisho huanza saa tisa na dakika ishirini, karibu na saa ninayoamka kwenda machinjioni, kwa hivyo naitazama nikivaa gambuti. Mke wangu ana maoni yake kuhusu jambo hili, ila hajaomba nafasi ya kuyachapisha.

*Mzee, salamu nyingi kutoka Nyalenda. Sisi vijana wa kinyozi tumekosana na tunataka utuamulie. Timu tunayoifuata huko Marekani ilikuwa na vijana wanne wa safu ya mbele ya ulinzi waliokuwa wakipigania nafasi mbili za mwisho kikosini. Mmoja alimwangusha kwotabeki, yule mrusha pasi wa wapinzani, mara mbili kwenye mechi za kujipima nguvu. Tulipiga kelele mpaka mwenye kinyozi akazima televisheni. Agosti ilipoisha, huyo akatemwa. Aliyebaki ni mnene mmoja ambaye hatukumwona akifanya lolote. Mimi nasema ni upendeleo. Mwenzangu anasema kocha ni kipofu. Nani ana haki? – Kijana wa Nyalenda, Kisumu*

Mwanangu, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti hapa buchani, na wateja wangu nao wakagawanyika. Kwa hivyo msione haya.

Tuanze na hesabu, maana hesabu hutema watu kabla kocha hajafungua mdomo. Kila timu kati ya zile 32 za NFL, ligi kuu ya futiboli ya Marekani, huingia kambini Julai na wachezaji hadi 90. Agosti ikiisha lazima wabaki 53. Zamani walipunguzwa kwa awamu. Tangu 2023 kuna tarehe moja tu ya mwisho. Toa 53 kwenye 90, zidisha kwa 32, unapata watu 1,184. Hao wote wanakunja virago karibu siku moja.

Na hao 53 ni wa kila kazi, pamoja na yule jamaa ambaye maisha yake yote ni kupiga mpira teke mara tano kwa mechi. Safu ya mbele ya ulinzi hubakiwa na watu tisa hivi kama timu husimamisha wanne mbele, au sita saba kama husimamisha watatu. Wanne watano kati yao majina yao yalishajulikana tangu Machi kwa sababu ya kandarasi zao. Wengine ni vijana waliochaguliwa kwenye drafti ya Aprili, pale timu zinapochagua wachezaji wapya kwa zamu, na timu ikishatumia zamu ya juu ya drafti na kumlipa kijana bonasi ya kusaini, haimtupi mwaka wa kwanza hata akicheza kama aliyeamka sasa hivi. Hapo una haki kidogo kusema upendeleo. Lakini si upendeleo wa mjomba. Ni wa mtu aliyekwisha kulipia ng'ombe: hata akimkuta amekonda, atamlisha kwanza ndipo aamue.

Sasa zile saki mbili, yaani kumwangusha kwotabeki kabla hajarusha mpira. Sijui mnafuata timu gani, ila naweka dau la kilo moja ya nyama ya paja kwamba zilikuja robo ya nne. Nimebahatisha? Kwenye mechi za kujipima nguvu wenye namba zao hucheza dakika chache wakatoka, wakakaa kando na kofia vichwani wakicheka. Kufikia robo ya nne, aliyesimama mbele ya kijana wenu kumzuia naye ni wa kutemwa wiki hiyo hiyo. Kocha akirudi kutazama mkanda hahesabu saki. Anaangalia nani alipitwa, na alipitwa vipi. Mikono ilimshinda? Au kwotabeki wa tatu, mtoto wa watu, alishikilia mpira sekunde tano hadi mtu akamfikia? Kuna saki ya kushinda na kuna saki ya kuokota.

Haya, mnene wenu. Huyo ni mtu wangu, mtanivumilia.

Nilipokuwa na miaka 22 nilikuwa na trai tatu, mabao ya raga, msimu mmoja, propu mzima, na nilijiona mfalme. Ilipofika mechi ya kufungia msimu, orodha ikabandikwa kwenye mlango wa stoo ya mipira. Niliisoma kutoka juu, nikaisoma kutoka chini. Namba tatu alipewa fundi wa magari, mtu mkimya, ambaye sikuwahi kumwona na mpira mkononi. Nikaenda kwa kocha nikiwa nimevimba. Hakubishana. Jumanne mazoezini akanivua kwenye upropu, akaniweka huka, yaani katikati ya mapropu wawili, mikono yangu juu ya mabega yao. Kulia kwangu fundi. Kushoto kwangu kijana mwingine aliyefanana nami tabia, mpenda mbio.

Skramu ya kwanza tu nikajua. Kushoto bega lilinikimbia, mbavu zikafunguka, nikajipata ninatazama magoti ya watu. Kulia palikuwa ukuta. Fundi alikuwa chini kuliko wote, mgongo umenyooka kama benchi, na nilisikia pumzi yake ikitoka polepole puani huku mtu wa upande wa pili akimsukuma kwa nguvu zote na huka wake akimsaidia. Wawili kwa mmoja. Hakusonga. Kwa sababu hakusonga, mimi miguu yangu ilikuwa huru kuvuta mpira. Kocha akaja, akaniinamia pale pale nyasini: "Umeona?" Nilikuwa na udongo mdomoni, sikujibu. Nafasi yangu niliipata msimu uliofuata, na trai sikufunga tena. Hilo bado linaniuma kidogo.

Mnene wenu anafanya kazi ya fundi. Anasimama pua kwa pua na senta, mpinzani anayeanzisha mpira, au kwenye pengo kati ya senta na gadi, mzuiaji wa ubavuni mwake. Mpira ukianzishwa, watu wawili wenye kilo 140 kila mmoja wanamjia. Kazi yake si kuwapita. Ni kukataa kurudi nyuma, na kuhakikisha hakuna hata mmoja wa hao wawili anayepata nafasi ya kumwacha akamkimbilie lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma yake. Akila wawili, hesabu ya wengine inakuwa rahisi. Lainibeka anakuja mbio bila kuguswa, anamwangusha mwenye mpira, anapiga kifua, kamera inamfuata yeye. Mnene yuko chini ya rundo akitafuta kofia yake.

Na akili anayo. Ukimpata kwenye picha ya karibu, mtazame macho kabla ya mpira kuanzishwa. Anaangalia vidole vya gadi aliye mbele yake. Gadi akiegemea mkono uliogusa nyasi mpaka ncha za vidole zikawa nyeupe, anataka kulipuka kuja mbele: ni mchezo wa kukimbia. Uzito ukiwa nyuma kwenye visigino na vidole vinagusa nyasi kama mtu anayeonja uji wa moto, atarudi nyuma kumlinda kwotabeki: ni mchezo wa kurusha. Magadi wazuri hujua kwamba wanasomwa, huwadanganya. Ndiyo maana kijana wa mwaka wa kwanza huliwa sana Septemba.

Kuna jambo la tatu, na hili ndilo mliloliita upofu. Kijana mwenye chini ya misimu minne akitemwa hawi huru papo hapo. Jina lake huwekwa mezani, na timu nyingine 31 zina mpaka saa sita mchana ya kesho yake, kwa saa za kule, kumdai. Asipodaiwa, timu iliyomtema inaweza kumrudisha kwenye kikosi cha mazoezi cha watu 16. Kwa hivyo kocha ana maswali mawili: nani bora, na nani akimweka mezani ataibiwa? Vijana wa pembeni wenye kilo 115 na kasi ni wengi. Mtu wa kilo 150 anayeweza kuzungusha kiuno na kusogeza miguu si wa kuokota njiani. Huenda kocha wenu aliwapenda wote wawili, akamficha mmoja kikosini na kumbahatisha mwingine. Angalieni orodha ya kikosi cha mazoezi. Sitashangaa mkilikuta jina lake huko.

Na akiwa huko msimlilie sana. Msimu wa 2025 mchezaji mchanga kwenye kikosi cha mazoezi alilipwa dola 13,000 kwa wiki, zaidi ya shilingi milioni 1.6, kabla ya ushuru. Aliyekuwa ndani ya 53 kwa kima cha chini, dola 840,000 kwa msimu wa wiki 18, alipata zaidi ya mara tatu ya hizo. Tofauti si pesa tu: wa kikosi cha mazoezi anaweza kuitwa ofisini wiki yoyote akaambiwa asante. Lakini anaweza pia kupandishwa siku ya mechi, mara tatu kwa msimu bila kubadilishiwa kandarasi, na wengi hupenya kupitia hapo. Efe Obada, mzaliwa wa Nigeria aliyekulia London, alikuwa mfanyakazi wa ghala. Aliingia Dallas Cowboys mwaka 2015 akiwa amecheza mechi za kuhesabika kwa vidole kwenye klabu ya London. Akatemwa. Akapita Kansas City, akatemwa. Atlanta, vivyo hivyo. Carolina Panthers wakamchukua 2017, mwaka mzima akakaa mazoezini, na 2018 akaingia ndani ya 53. Mechi yake ya kwanza, dhidi ya Cincinnati, alimwangusha kwotabeki na akadaka pasi ya wapinzani. Mtu wa safu ya mbele kudaka pasi, hiyo ni kama propu kupiga dropu, lile teke la kufungia alama.

Jambo moja zaidi ningeuliza kama ningekuwa jirani yenu: mnene wenu mlimwona wakati wa mateke? Tisa wakibaki kikosini, si wote huvaa jezi. Kati ya 53, ni 48 tu huvaa siku ya mechi. Wa nane na wa tisa lazima wawe na kazi nyingine: kusimama katikati wapinzani wanapopiga teke la alama tatu na kuinua mikono, au kucheza nafasi mbili tofauti bila kulalamika. Kijana anayejua nafasi moja tu, hata aijue vizuri namna gani, humpa kocha usiku wa kukosa usingizi mmoja wa pembeni akivunjika.

Jumapili fanyeni hivi. Chagueni mchezo mmoja, msitazame mpira kabisa. Tazameni lainibeka wa kati. Akifika kwa mwenye mpira akiwa msafi, hajaguswa, rudisheni macho mbele mumtafute aliyelala chini. Halafu niandikieni ni robo ya ngapi zile saki zilikuja. Kama si ya nne, nyama ipo, ila mje wenyewe Nakuru mniletee ngege.

*Mzee wa Propu, nacheza namba tatu hapa Kakamega, nina kilo 108 na kimo cha futi sita na inchi mbili. Nimeambiwa watu wa NFL hawamtazami mtu wa safu ya ulinzi aliye chini ya kilo 130. Sasa nakula ugali mara nne kwa siku na tumbo ndilo linaloitikia. Niongeze uzito au niongeze kasi? – Namba Tatu, Kakamega*

Namba Tatu, acha nikueleze nilichofanya mimi ili usikirudie. Kocha mmoja alisema hachukui propu chini ya kilo 95. Nilikuwa na 91. Mjomba wangu ndiye aliyekuwa na bucha wakati huo, yenye mizani ya zamani ya mawe, nami nikaazima mawe mawili ya kilo mbili mbili, nikayafunga kiunoni kwa bendeji ndani ya suruali ya mazoezi. Nikapanda mizani. Tisini na tano kamili! Kocha akaandika. Nikashuka kwa maringo, na jiwe moja likateremka mguuni likaangukia sakafu ya saruji, ngo. Likabingirika hadi kwenye kiatu chake. Alilitazama, akageuza upande ulioandikwa 2 KG, akaniambia nikamrudishie mwenyewe kabla mteja hajapunjwa.

Niliaibika miaka mingi, mpaka mpwa wangu aliponisimulia habari za John Randle. Mwaka 1990 drafti nzima ilipita bila jina lake kutajwa kwa sababu alionekana mdogo mno kwa kazi ya katikati. Inasimuliwa kwamba alipokwenda kupimwa na Minnesota Vikings alivaa mnyororo ndani ya nguo ili mizani isome zaidi. Mnyororo! Mimi na mawe, yeye na mnyororo. Tofauti ni kwamba wake haukuanguka. Akamaliza na saki 137.5, na mwaka 2010 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa mchezo huo.

Sasa jibu. Anayekwambia kilo 130 anazungumzia watu wa katikati, ambao huwa 135 hadi 150 na zaidi. Wa pembeni wengi wako 115 hadi 125. Kwa kimo chako, katikati utasagwa, pembeni unakosa kilo saba nane, na hizo zinapatikana kwa mwaka bila kujichosha. Lakini si kwa ugali mara nne. Ugali ni mkaa wa jiko, si chuma. Weka omena, mayai, maharagwe, maziwa, nyama ukipata (najua, najua, nina biashara), halafu uende ukachuchumae na vyuma begani mara tatu kwa wiki. Uzito unaouongeza lazima miguu iweze kuubeba.

Na kasi wanayoitafuta siyo ile unayodhani. Huwapima watu mbio za yadi 40, karibu mita 37, lakini mtu wa safu ya mbele hutazamwa zaidi zile yadi kumi za kwanza. Mita tisa. Ni lini ulimwona mtu wa safu ya mbele akikimbia mita 37, isipokuwa mambo yameharibika? Piga mstari uwanjani, anza ukiwa umeinama mkono mmoja chini, rafiki apige kofi, nawe ufike mita ya tisa. Mara kumi, mapumziko marefu katikati. Hiyo itakusaidia hata Jumamosi kwenye raga yako.

Usiache raga, maana mlango tayari una alama ya Mkenya. Daniel Adongo alikuwa mchezaji wa raga, tena aliyecheza New Zealand na Afrika Kusini, na Indianapolis Colts walimsaini mwaka 2013 akiwa hajawahi kucheza hata mechi moja ya futiboli ya Marekani. Walimfanya lainibeka wa nje. Alicheza mechi chache tu za ligi kabla ya kuachwa, na kuna wanaosema alishindwa. Mimi siko kati yao. Kujifunza kitabu cha mbinu kinene kama saraka ya simu ukiwa na miaka zaidi ya ishirini, mbele ya watu waliokianza wakiwa na miaka minane, na bado ukavaa jezi Desemba? Nenda kajaribu.

*Mzee, nakuandikia nikiwa na wasiwasi. Mwanangu amemaliza kidato cha nne, ni mkubwa wa mwili na shuleni alicheza propu. Kuna mtu amekuja na faili, anasema jina la mtoto limeingia kwenye orodha ya awali ya timu ya Marekani inayotafuta vijana wa safu ya ulinzi, na kwamba tunatakiwa kulipa 85,000 za majaribio kabla ya Ijumaa. Nina mtamba mmoja ninayeweza kumuuza. Nifanyeje? – Mama, Webuye*

Mama, mtamba abaki zizini.

Sitaandika kwa urefu kwa sababu Ijumaa iko karibu, na nimekwisha kumwomba mhariri akupigie kabla gazeti halijatoka. Hakuna timu ya NFL inayomtoza mchezaji pesa ili imfanyie majaribio. Wakala wa kweli huko huwa ameidhinishwa na chama cha wachezaji, na malipo yake hayazidi asilimia 3 ya kandarasi ya mchezaji, tena huyapata mchezaji akishalipwa. Anayekula kabla ya mtoto kula si wakala. "Orodha ya awali" anayoitaja haipo. Kuna kambini na kuna nje. Na haya mambo ya "kabla ya Ijumaa" nayajua toka sokoni: mwenye ng'ombe mgonjwa ndiye anayetaka uamue upesi.

Muulize maswali mawili ukiwa na mtu mzima mwingine kando. La kwanza, timu gani, na kocha wa safu ya ulinzi anaitwa nani? La pili, kama ni chuo kikuu, iko wapi fomu ya I-20? Hiyo hutolewa na chuo chenyewe kwa jina la mwanafunzi, na bila hiyo hakuna viza ya masomo. Ada ya viza hulipwa kwa ubalozi, si kwa mtu mwenye faili. Akianza kuhema, mpe chai aende. Kama ameshachukua chochote kutoka kwako, hata nauli, nenda kituo cha polisi na namba ya simu aliyotumia.

Njia zipo, Mama, sisemi hazipo. NFL ina mpango wake wa wachezaji wa nchi za nje ulioanza 2017, ndio huo uliompitisha Obada niliyemtaja juu, na tangu 2024 kila timu inaruhusiwa nafasi ya ziada kwenye kikosi cha mazoezi kwa ajili ya mchezaji wa nje. Lakini huwatafuta watu waliokwisha kujengeka kwenye mchezo fulani. Mtoto wa kidato cha nne aanzie karibu. Kakamega pana raga ya Kabras Sugar na ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kisumu pana klabu, Nakuru pia. Aende mazoezini na viatu vyake, asimame pembeni, amsalimie kocha, aombe kusukuma. Nauli ya matatu kutoka Webuye mpaka Kakamega ndiyo gharama yake ya mwezi huu. Akifika Nakuru, duka langu halijifichi: lina picha ya skramu ukutani na mizani ya kisasa isiyodanganywa na mawe. Nitampima bure.

*Mzee, mimi ni msichana wa kidato cha tatu hapa Nakuru, tumeanza kucheza ile futiboli ya bendera. Kaka yangu ananicheka, ati si futiboli kwa sababu hakuna kusukumana. Nimjibu nini? – Wa Bendera, Free Area*

Binti, mwambie itachezwa Olimpiki ya Los Angeles mwaka 2028, wanaume na wanawake, watano kwa watano, kisha umuulize mchezo wake yeye utachezwa wapi. Kuhusu kusukumana amesema kweli: hakuna safu ya mbele kabisa. Anayetaka kumkimbilia kwotabeki huanzia yadi saba nyuma, na badala ya kumwangusha anamnyofoa kitambaa kiunoni. Watu wa aina yangu hatuna kazi humo. Mkiwa na mechi Jumamosi nijulishe mapema, nije na jiko na kilo kumi za mbavu, nisimame pembeni ya uwanja upande wenye kivuli.